Pikipiki Ishindayo kwa Mwendo wa Pole



Jioni ya leo tumekusudia kuwaeleza habari za pikipiki ya namna ya peke yake, na mashindano yake yasiyofanana na mashindano mengine. Mtu akisikia habari za mashindano ya pikipiki, mara hufikiri mbio, vumbi na kelele, na kwamba mshindi ni yule afikaye kwanza. Lakini yako mashindano ambayo ndani yake mbio si kitu. Mpandaji huwekwa mbele ya kijito chenye mawe ya utelezi, au kilima cha matope, au mizizi ya miti iliyolowa, akaambiwa, "Pita hapa, wala usiguse chini kwa mguu wako." Akipita bila kugusa, amefaulu, hata kama mwendo wake ulikuwa wa pole kuliko wa mtu aendaye kwa miguu. Waingereza huyaita mashindano haya kwa neno ambalo maana yake ni majaribio; basi na sisi tutaiita mashine yake pikipiki ya majaribio.

Neno tutakalo kulionyesha ni hili: mashine hii haishindi kwa wingi wa nguvu, bali kwa nguvu inayotawalika. Wako walioshika neno hili mapema wakapata faida, na wako waliochelewa kulishika, nao wakanyang'anywa kazi waliyokuwa wakiitawala kwa miaka mingi. Tutawaeleza jinsi ilivyotokea, lakini kwanza yatupasa kuijua kanuni ya mchezo na mashine yenyewe.

Mashindano mashuhuri ya aina hii hufanyika katika nchi ya Scotland. Yalianza mwaka 1909, na yameendelea mpaka leo, ila miaka michache yaliposimamishwa na vita au maradhi. Tangu mwaka 1977 makao yake yamekuwa mji wa Fort William, ulio chini ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza. Washindani husafiri siku 6 katika milima na mabonde, na kila siku hupita vipande 30 vya majaribio. Kipande huenda kikawa hatua chache tu, lakini kimechaguliwa kwa ubaya wake. Mipaka yake huonyeshwa kushoto na kulia, na mwangalizi husimama kando na kalamu yake akihesabu.

Hesabu yenyewe ni kinyume cha hesabu ya mtihani wa shule, maana apataye alama chache ndiye mshindi. Apitaye bila kugusa chini huandikiwa sifuri. Agusaye kwa mguu mara 1 huandikiwa alama 1. Mara 2, alama 2. Mara 3 au zaidi, alama 3. Lakini aangukaye, au atokaye nje ya mpaka, au ambaye mashine yake imerudi nyuma, huandikiwa alama 5. Tafadhali ikumbukeni hesabu hii, kwa maana tutairudia.

Sasa tutazame jinsi mashine hii inavyoundwa. Jambo la kwanza ni uzito. Pikipiki ya majaribio ya siku hizi ina uzito wa kilo 70 hivi, yaani kama uzito wa mtu mzima mmoja. Haina kiti cha kukalia, kwa kuwa mpandaji husimama muda wote, na tangi lake la petroli ni dogo. Mtu atakaye kuunda ya kwake kutoka katika pikipiki kuukuu ya barabarani huanza kwa kupunguza: huondoa kiti, mabamba yasiyo na kazi, na tangi kubwa. Lakini asiondoe kitu chochote kabla ya kuuliza kazi yake. Chuma cha fremu kilicho karibu na shingo ya usukani, na kile kinachoshika gurudumu la nyuma, hakipunguzwi hata kidogo, kwa kuwa mapigo yote ya mawe huishia hapo. Fremu ikikatika mahali hapo katikati ya mteremko, mpandaji ndiye atakayelipa kwa mifupa yake.

Jambo la pili ni kimo cha tumbo la mashine. Pikipiki ya barabarani ina tumbo la chini, nayo ikikutana na jiwe huketi juu yake kama mashua iliyopanda mwamba. Mashine ya majaribio huinuliwa hata pakawa na nafasi ya inchi 12 au 13 kati ya injini na ardhi, na chini ya injini hufungwa bamba nene la kupokea mapigo. Bomba la moshi nalo hupandishwa juu, lisibanwe na mawe wala kunywa maji ya mto.

Jambo la tatu ni mahali pa miguu na mikono. Vikanyagio huwekwa nyuma kidogo kuliko katika pikipiki ya kawaida, ili uzito wa mpandaji uwe karibu na gurudumu la nyuma, ambalo ndilo lisukumalo. Vikanyagio hivyo huwa na meno, maana kiatu chenye matope huteleza upesi. Usukani huwa mpana, nao hugeuka sana kushoto na kulia, ili mashine iweze kuzunguka mahali padogo kama uga wa nyumba. Gurudumu la mbele huwa kubwa, la inchi 21, na la nyuma inchi 18. Sababu ya ukubwa wa lile la mbele ni rahisi: gurudumu dogo hugonga jiwe, bali gurudumu kubwa hulipanda.

Mashine ikiisha kuundwa hivi, bado haijawa tayari. Yabaki kazi ya kuirekebisha, nayo yataka akili kuliko misuli. Tuanze na injini. Katika pikipiki ya mbio, fundi hutafuta nguvu nyingi injini inapozunguka upesi sana. Hapa fundi hutafuta kinyume chake, yaani injini ivute vizuri inapozunguka pole pole, wala isizimike. Kwa ajili hiyo hupewa gurudumu zito la ndani, lile linalozunguka pamoja na mtaimbo wa injini. Mmekwisha kuona cherehani: fundi akiacha kukanyaga, gurudumu lake laendelea kuzunguka kitambo kwa uzito wake. Ndivyo ilivyo katika injini hii. Uzito ule huichukua pistoni kutoka mlipuko mmoja hata mwingine, tairi ikapata msukumo laini usio wa ghafula. Msukumo wa ghafula huichimbua ardhi, na tairi ikiisha kuzunguka bure juu ya matope, safari imekwisha.

Gia nazo hufanywa kuwa za chini. Mtu apandaye kilima na mzigo kichwani hufupisha hatua zake. Na fundi hufanya vivyo hivyo kwa kuweka gurudumu dogo la meno mbele, au kubwa nyuma. Mashine hupoteza mbio zake za barabarani, lakini hupata uwezo wa kutambaa.

Baada ya hayo huja kabureta, ambayo ndiyo chombo cha kuchanganya petroli na hewa. Hapa wengi hupotea, kwa sababu hubadili mambo matatu kwa mara moja, kisha hawajui ni lipi lililosaidia. Sisi tufundishao huwaambia wanafunzi ya kuwa jaribio jema hubadili kitu kimoja tu, na matokeo yake huandikwa katika daftari. Injini ikikohoa na kusita mpandaji anapoongeza mafuta kutoka mwendo wa chini, mara nyingi petroli ni haba kuliko hewa. Ikitoa moshi mweusi na kunguruma kwa uzito, petroli imezidi. Fungua plagi uitazame: nyeusi yenye masizi yaonyesha petroli kuzidi, nyeupe kama chokaa yaonyesha petroli kupungua, na hatari ya injini kuungua, rangi ya kahawia ya udongo mkavu ni dalili njema. Tena, ugeuze usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, injini ikiwa inanguruma mahali pamoja. Mngurumo ukipanda, waya wa mafuta unavutwa, na jambo hilo dogo litakuangusha penye kona ya kwanza.

Wakati wa kupiga moto nao ni wa kuangaliwa. Cheche ikija mapema mno injini inapokwenda pole, pistoni hupigwa kabla haijafika juu, na injini hurusha teke au huzimika. Ikichelewa mno, nguvu hupotea na injini hupata joto. Fundi mwenye busara hufuata kwanza kipimo cha waliounda injini, ndipo arekebishe kidogo kidogo.

Mwisho wa yote ni tairi, na hapa pana siri kubwa. Mtu avukaye mto juu ya mawe huvua viatu vyake. Kwa nini? Kwa sababu soli ngumu hugusa jiwe mahali padogo ikateleza, bali unyayo mtupu hulala juu ya jiwe na kulishika. Tairi ya pikipiki ya majaribio hufanywa kuwa kama unyayo. Mpira wake ni mwororo, nayo hutiwa upepo mdogo sana: kiasi cha ratili 4 au 5 kwa inchi ya mraba nyuma, na 6 au 7 mbele. Tairi ya namna hii ikiwa na mpira wa ndani, hufungwa kwa kibano maalum kwenye rimu, isije ikazunguka peke yake na kuuchana mpira. Lakini twaonya kwa nguvu: msitoe upepo namna hii katika pikipiki ya barabarani yenye kubeba abiria na mizigo. Tairi yake haikuundwa kwa jambo hilo. Itapata moto, au itatoka kwenye rimu penye mwendo wa upesi, na watu watakufa.

Sasa twaja katika hadithi tuliyoahidi, nayo ni ya kweli. Katika mji wa Belfast alizaliwa mwaka 1933 mtu aitwaye Sammy Miller. Huyu alikuwa bingwa wa majaribio wa Uingereza miaka 11 mfululizo, kutoka 1959 hata 1969. Kwanza alipanda Ariel, mashine ya Kiingereza yenye injini ya sentimita 500 za ujazo. Mashine ya aina ile ikitoka kiwandani ilikuwa na uzito wa karibu ratili 300. Miller hakuridhika. Mwaka hata mwaka alitafuta kila mahali pa kupunguza, hata mashine yake ikashuka chini ya ratili 250. Kwa Ariel hiyo alishinda kule Scotland mwaka 1962, na tena mwaka 1964. Namba yake, GOV 132, yajulikana na wapenzi wa mchezo huu mpaka sasa, na mashine imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho aliyoianzisha mwenyewe huko New Milton, kusini mwa Uingereza.

Lakini kiwanda cha Ariel kilikuwa kimekwisha kuacha kuunda injini za namna ile tangu mwaka 1959. Mashine ya bingwa haikuwa na mrithi. Wakati huohuo, Hispania, Francisco Bultó alikuwa na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1958, kiitwacho Bultaco. Alikuwa na injini nyepesi ya chini ya sentimita 250 za ujazo, lakini hakuwa na mtu wa kumfundisha jinsi ya kuifanya itambae juu ya mawe. Akamwita Miller. Mwaka 1964 Miller alikwenda Hispania, na kwa siku chache aliipanda mashine, akaibadili, akaipanda tena, hata akapata aliyoitaka. Ilikuwa na uzito wa kiasi cha ratili 200 tu. Mwaka uliofuata, 1965, alishinda nayo kule Scotland, na ilikuwa mara ya kwanza mashindano yale kutwaliwa na mashine isiyoundwa Uingereza. Alishinda tena mwaka 1967 na 1968.

Fikirini maana yake. Uingereza ilikuwa na mashindano tangu mwaka 1909. Ilikuwa na milima, mafundi, viwanda vingi, na bingwa mwenyewe. Lakini mashine nzito zenye asili ya barabarani zilikuwa zimezoeleka, na mazoea ni kitanda laini. Greeves ya Kiingereza ilishinda mwaka 1969. Kisha taji likaenda kwa Ossa, mashine nyingine ya Hispania, mwaka 1970, 1971 na 1972. Viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilivyokuwa vikijulikana dunia nzima vilifungwa kimoja baada ya kimoja, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Hatusemi ya kuwa majaribio ndiyo yaliyoviua, maana sababu zilikuwa nyingi. Hata Bultaco yenyewe ilifungwa mwaka 1983. Lakini mashine nyepesi ya mwaka 1965 ilikuwa onyo lililoonekana na watu wote, nao wenye uwezo wa kulifuata hawakulifuata kwa upesi uliohitajiwa. Mpaka leo mashine nyingi za mchezo huu huundwa Hispania, na bingwa aliyewashinda wote, Toni Bou, mzaliwa wa Catalonia katika nchi hiyo, alitwaa ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 2007 hata 2024.

Yabaki kueleza jinsi ya kupanda. Kwanza mpandaji huacha mashine yake, akakitembelea kipande kwa miguu. Hutazama mahali pa kutokea, kisha hurudi nyuma kwa mawazo mpaka mahali pa kuingilia, kwa sababu kona ya mwisho hutawala kona ya kwanza. Hukumbuka pia ya kuwa gurudumu la nyuma halifuati njia ya lile la mbele, bali hukata ndani ya kona. Jiwe lililoepwa na la mbele laweza kugongwa na la nyuma.

Akiisha kupanda, husimama juu ya vikanyagio, magoti na viwiko vikiwa vimelegea. Mtazameni mama atokaye kisimani na mtungi kichwani. Njia yapanda na kushuka, miguu yake yahangaika, lakini mtungi umetulia, kwa maana mwili wake wote huyapokea mashimo ya njia. Mpandaji naye huyapokea vivyo hivyo: mashine huyumba chini yake, naye juu ametulia. Penye kona ya pole huilaza mashine ndani, bali mwili wake huuweka nje, ili uzito ukae juu ya tairi. Kidole kimoja hukaa juu ya klachi, na kimoja juu ya breki ya mbele. Macho hayatazami gurudumu. Hutazama hatua kadhaa mbele, kwa sababu mashine huenda mahali yatazamapo macho.

Penye mwinuko, mpandaji hupata mwendo wake chini, mahali palipo na ardhi imara, kisha hupunguza mafuta kadiri anavyokaribia juu. Asiyejua huongeza mafuta penye utelezi, tairi ikachimba, akasimama. Penye mteremko hurudisha mwili nyuma, akashika breki kwa upole, bila kuyafunga magurudumu. Na siku zote huvaa kofia ngumu na viatu virefu, hata akiwa anajifunza uani kwake kwa mwendo wa kinyonga.

Sasa turudi katika hesabu tuliyowaomba mwikumbuke. Kugusa mara moja ni alama 1. Kuanguka ni alama 5. Itakuja saa ambapo mashine imeanza kuegemea, na mpandaji ana nukta moja tu ya kuamua. Mwenye kiburi hukataa kuweka mguu chini, akitaka sifuri yake, na huanguka mzima mzima akaandikiwa 5. Mwenye busara hugusa mara moja, akapata usawa wake, akaendelea. Wahenga walisema, "Kuteleza si kuanguka." Mashindano ya siku 6 yamekwisha kuamuliwa kwa tofauti ya alama chache, na alama hizo huokolewa na yule ajuaye kupoteza 1 ili asipoteze 5.

Wengi wenu hamtapanda mashine hii kamwe. Lakini wako kati yenu waendeshao pikipiki katika njia zetu za udongo mwekundu wakati wa masika, nyuma wakiwa wamemchukua mgonjwa, au mwanafunzi, au gunia la mahindi. Kwao twasema: shukeni kwanza mkatazame mahali pabaya kabla ya kupaingia, shikeni mkono wa mafuta kwa upole, tazameni mbele, na abiria ashuke avuke kwa miguu, wala msione haya. Kufanya hivyo ni kuandikiwa alama 1. Alama 5 katika njia hizo ni maisha ya mtu.